Nzige ni panzi aliyebadilika tabia, na sisi tunamsubiri abadilike ndo tushtuke

Mwanzoni mwa 2021 rafiki yangu mmoja anayefuga huko Longido alinirushia kavideo, mgunga mzima umegeuka rangi ya pinki, ukikaza macho unaona si maua, ni wadudu wamebanana mpaka matawi yameinama, afu chini akaandika "we Mhaya, senene wenu wametufuata mpaka huku, njoo na ndoo". Nikacheka. Baadaye nikajisikia vibaya kidogo, manake yeye anatania huku malisho ya ng'ombe wake yanaisha mbele ya macho yake, na mimi nacheka kwa sababu kwetu Muleba mdudu wa namna hiyo akishuka kwa wingi ni sikukuu, watoto hawalali.

Wale hawakuwa senene bwana. Senene ana papasi, zile antena za kichwani, ndefu kama nyuzi, ndefu kuliko mwili wake, na ni mtu wa usiku, anafuata taa. Aliyekuwa Longido ni nzige wa jangwani, papasi fupi, anaruka mchana jua likishapanda, na ule upinki maana yake bado ni kijana hajafikia kutaga, akishakuwa wa njano ndo ujue mayai yako njiani. Kiukoo senene na nzige ni ndugu wa mbali sana. Nzige ndugu yake wa damu ni panzi, yule yule wa kawaida unayemrusha miguuni ukipita kwenye majani, na hapo ndo stori yenyewe inapoanzia.

Watu wengi wanadhani nzige ni mdudu wa pekee aliyezaliwa hivyo, anakaa sehemu fulani ya laana anasubiri kutumwa. Hapana. Panzi wa ukoo ule wako zaidi ya aina elfu sita duniani, na wanaoweza kugeuka nzige hawafiki hata thelathini. Na hao wachache, muda mwingi wa maisha yao ni panzi tu, mpole, anajificha, kila mtu na jani lake, wakikutana wanakwepana. Mpaka 1921 hata wataalamu walikuwa wanaamini yule mpole na yule wa makundi ni aina mbili tofauti, ndo mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov akaja kuonyesha kwamba ni mdudu mmoja mwenye sura mbili.

Anageukaje? Mvua inanyesha jangwani, majani yanaota, wanazaana, afu ukame unarudi na majani yanabaki vipande vipande, wote wanajikuta wamesukumwa kwenye kipande kimoja. Pale wanagusana. Waliofanya majaribio wamegundua kinachowasha moto ni kuguswa miguu ya nyuma, mara nyingi, na ndani ya masaa mawili hivi tabia inabadilika, wale waliokuwa wanakwepana wanaanza kutafutana, na mwaka 2009 ikaonyeshwa kwamba kemikali inayofanya kazi hiyo ni serotonini, hiyo hiyo iliyomo kwenye ubongo wako wewe inayogusa mambo ya furaha na huzuni. Rangi inabadilika baadaye na watoto wao nao wanazaliwa tayari wa makundi.

Afu kuna hili ambalo kwangu ndo linatisha kuliko yote. Wale tunutu, yaani nzige wachanga ambao mabawa hayajatoka, ukiwaona wanatembea wote upande mmoja kama jeshi unaweza kudhani wana kamanda. Kumbe sehemu kubwa ya kinachowasukuma ni kwamba wa nyuma wanawatafuna wa mbele. Ukisimama unaliwa, kwa hiyo kila mtu anakimbia mwenzake wa nyuma huku anamnyemelea wa mbele, na kwa mbali inaonekana ni nidhamu. Sitaki kuingiza siasa hapa ila mwenye masikio ameshaelewa.

Kwa nini naeleza yote haya? Kwa sababu kama nzige ni panzi aliyebadilika hali, basi ile dakika ya kubadilika ndo dakika ya kumkamata, na dakika hiyo haitokei shambani kwako. Inatokea mbali, miezi au miaka miwili kabla, mahali ambapo hakuna kamera wala mwandishi wa habari. Sisi huku tunaanza kuongea nzige pale wanapotua, na kila kitu tunachofanya kuanzia hapo, kupiga sufuria, kuchoma matairi, kupuliza vuvuzela, ni kama kufunga zizi fisi akiwa ameshajilia na ameondoka zake.

Chukua hii ya 2019 mpaka 2021. Kenya waliiita mbaya kuliko zote ndani ya miaka 70, Ethiopia na Somalia miaka 25. Nzige waliingia Kenya kupitia Mandera mwisho mwisho wa Desemba 2019, ila mbegu yake ilipandwa Mei 2018, kimbunga Mekunu kilipomwaga maji kwenye lile jangwa la Rub' al Khali, kule Saudia inapopakana na Oman na Yemen, mahali ambapo hata ngamia anaenda kwa shughuli maalum. Oktoba mwaka huo huo kikaja kimbunga kingine, Luban, kikamwaga tena. Jangwa likawa bustani. Nzige wa jangwani katika hali nzuri anaongezeka mara 20 kwa kizazi kimoja, kizazi ni kama miezi mitatu, sasa we piga hesabu mwenyewe, kizazi cha pili mara 400, cha tatu mara 8,000, na vyote vitatu vilipita kule bila mtu kuona. Walipoanza kuhama wakaangukia Yemen, nchi iko vitani, nani atapuliza dawa? Katikati ya 2019 wakavuka Ghuba ya Aden wakaingia pembe ya Afrika, na Desemba kimbunga Pawan kikaingia Somalia kuwaongezea tena mvua, kama vile mtu amewatandikia kitanda.

Ndo unaona kundi moja kaskazini mwa Kenya linakadiriwa urefu wa kilomita 60 kwa upana wa 40. Kila kilomita moja ya mraba ina nzige kati ya milioni 40 na 80, kila mmoja anakula kwa siku chakula kinacholingana na uzito wake, gramu kama 2, na wanakwenda na upepo hata kilomita 150 kwa siku.

Hapa kuna namba inayopenda kurushwa sana, kwamba kundi la kilomita moja ya mraba linakula sawa na watu 35,000. Ni hesabu ya uzito na haina kosa, ila inapotosha kidogo ukiichukua hivi hivi, kwa sababu nzige hali ugali. Anakula majani ya mgunga, vichaka, nyasi, kila kilicho kijani. Kenya walipoingia, sehemu nyingi mazao ya mvua za vuli yalikuwa yameshakomaa au yameshavunwa, kwa hiyo aliyeumia zaidi ni mfugaji. Na mfugaji haonekani kwenye takwimu za magunia, ng'ombe akikonda hakuna anayeandika. Ethiopia ilikuwa tofauti, kule mashamba yalipigwa, hekta kama 200,000, mtama na mahindi na teff, nafaka ya kwao. Kwa hiyo yule anayesema nzige wa 2020 walikuzwa tu na yule anayesema walimaliza kila kitu, wote wamesimama sehemu tofauti za ramani moja.

Turudi kwenye hela, manake ndo kiini cha hasira yangu. Mlipuko wa 2003 mpaka 2005 kule Afrika Magharibi na Kaskazini uligharimu zaidi ya dola milioni 400 kuuzima. Hela za kuangalia jangwa wakati wa utulivu, gari, dizeli, posho ya vijana wawili watatu wenye kifaa cha kurekodi na redio, ni makombo ukilinganisha na hiyo. Lakini makombo hayo ndo hayapatikani. Januari 2020 FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliomba dola milioni 76, michango ikaja kwa kusuasua huku wadudu wanazaana, na baada ya muda mfupi ombi likapanda kuwa milioni 138. Yaani kila wiki ya kufikiria inaongeza bei. Mtu yeyote aliyewahi kuahirisha kuziba paa linalovuja anaijua hii hesabu.

Na usidhani hatuna vyombo. Afrika Mashariki tuna DLCO, shirika la kupambana na nzige wa jangwani lililoanzishwa 1962, Tanzania imo, Kenya imo, Uganda, Ethiopia na wengine. Ila mashirika haya yanaishi kwa michango ya nchi wanachama, na nchi ikipita miaka kumi bila kumwona nzige ada inakuwa kitu cha kulipa mwakani, afu mwakani tena. Ndege zinazeeka, marubani wanaondoka, watu wanaojua kutofautisha panzi wa kawaida na panzi anayeanza kubadilika wanastaafu na ujuzi wao. Siku wakitua ndo Uganda wanapeleka wanajeshi Karamoja na Kenya vijana wa NYS, lile jeshi lao la kujenga taifa, vijana wenye moyo kabisa, ila wengi wao bomba la dawa ndo wanalishika kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo moja la Kenya lilinichekesha kipindi kile, waziri wa kilimo aliwaambia wananchi wapige picha wadudu waweke mtandaoni ili wizara ijue kama kweli ni nzige, akachambwa balaa, siku chache akaondolewa kwenye baraza. Sasa cheki, miezi michache tu baadaye FAO na wataalamu wa chuo cha Penn State cha Marekani wakatoa programu ya simu, eLocust3m, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo, mtu wa kijijini anapiga picha, simu inaweka mahali na saa, taarifa inaenda kwa wanaopanga ndege. Na ilisaidia sana. Jamaa alikosea namna ya kulisema na wakati wa kulisema, wazo lenyewe halikuwa la kijinga.

Sasa nikupeleke upande ambao watu hawausemi kabisa. Tanzania ina nzige wake mwenyewe. Nzige mwekundu, anaishi bonde la Rukwa, mbuga za Iku kule Katavi, Wembere, Malagarasi, sehemu za majani marefu zinazofurika mvua zikija na kukauka kiangazi. Huyu jamaa kati ya 1930 na 1944 alitoka huko akasambaa karibu Afrika yote ya kusini mwa ikweta, miaka 14 mfululizo, wazee wa zamani walikuwa wanahesabia umri kwa nzige. Ndipo 1949 ikaundwa taasisi maalum, makao yake Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala huko Zambia, kazi yake moja tu: kuyaangalia mabonde yale kila mwaka, wakijikusanya wapigwe pale pale kabla hawajaruka. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa IRLCO, shirika la nchi za kanda la kupambana na nzige mwekundu, makao Ndola huko huko Zambia. Na tangu 1944 hakujawahi kutokea tena janga la nzige mwekundu la ukubwa ule.

Miaka zaidi ya themanini! Na nina uhakika wengi mnaosoma hapa hamjawahi kusikia hata jina la Wembere likitajwa kwa habari ya nzige. Ndo shida ya kazi hii, ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina picha ya kuweka kwenye taarifa ya habari wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Bajeti ikibanwa, cha kwanza kukatwa ni kile ambacho mheshimiwa hajawahi kukiona kikileta madhara.

Mpaka hapa nimemsema nzige tu, panzi wa kawaida nisipomtetea nitakuwa sijamtendea haki. Wahenga walishasema vita vya panzi furaha ya kunguru, sisi tukaichukua kama methali ya siasa, ila ukiitoa kwenye siasa ni somo la mazingira lililonyooka kabisa: panzi ni chakula. Kunguru, mwewe, kware, kanga, korongo weupe wanaotoka Ulaya kuja kukaa huku msimu wa baridi yao, kenge, vyura, mbweha, buibui, wote wanamtegemea. Panzi anachukua jani ambalo ndege hawezi kulila anamgeuzia kuwa nyama. Na anakula vibaya kama mtoto, anakata jani anadondosha nusu, kile kinachodondoka na kinyesi chake vinarudi kwenye udongo haraka kuliko jani likisubiri kukauka lenyewe, kwa hiyo kwa kiwango cha kawaida mbuga yenye panzi inaweza hata kuota vizuri zaidi.

Kuna utafiti wa 2012 nilioupenda sana, waliwalea panzi pamoja na buibui ambao midomo yao imebanwa wasiweze kuwala, yaani kutishwa tu. Panzi waliokaa kwa hofu miili yao ikawa na nitrojeni pungufu ukilinganisha na kaboni, na walipokufa wakaoza ardhini, vijidudu vya udongo pale vikachelewa sana kuozesha majani kuliko pale walipozikwa panzi waliokufa bila presha. Hofu ya panzi mmoja inafika mpaka kwenye mbolea. Ukishajua hilo huwezi kupuliza dawa eneo zima la mbuga ukasema umeua wadudu waharibifu tu.

Panzi waharibifu wapo ndiyo, simkatalii mkulima. Yule panzi mwenye rangirangi na mwendo wa kizembe anayependa mihogo, ukimpata shambani kiangazi atakuachia vijiti. Sahel kuna mwenzake anayewamalizia uwele kila miaka michache. Ila hapo nako kuna mkono wetu. Watafiti kule Mongolia ya Ndani, China, walikuta aina moja ya nzige anapenda majani yenye protini kidogo, na majani ya namna hiyo yanapatikana kwa wingi pale mifugo ilipokula kupita kiasi mpaka udongo ukachoka, yaani malisho yakichakaa yeye ndo ananenepa. Senegal nako wameona dalili kama hizo kwenye mashamba yaliyochoka. Nzige wa jangwani ana mambo yake mengine, siwezi kumbebesha hilo, lakini ule msemo kwamba nzige ni pigo linaloshuka tu toka juu, mi siununui wote.

Na dawa zenyewe sasa. 2020 zilizopulizwa kwa wingi ni za jamii ya klopirifosi, fenitrothioni, malathioni. Mwezi ule ule wa Januari 2020 ambao nzige wanasambaa Kenya, Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza kibali cha klopirifosi kwenye mashamba yao kwa sababu za afya. Huku kwetu inapulizwa toka angani. Naelewa, nyumba inaungua huchagui maji, ila dawa hizo haziulizi huyu ni nzige au nyuki, na mfugaji wa Samburu anayetegemea asali akipoteza mizinga anakuwa amepigwa mara mbili, kwanza na mdudu, pili na msaada.

Njia nyingine ipo na si ya kufikirika. Kuna kuvu anaitwa Metarhizium, aina inayoua panzi na nzige tu, wanachanganya mbegu zake na mafuta wanapuliza, mdudu anaugua siku kadhaa anakufa, nyuki wako salama, ndege akimla haumwi. Mwaka 2009 dawa hiyo, Green Muscle, ilitumika hapa hapa Tanzania, mbuga za Iku kule Katavi, maelfu ya hekta toka angani dhidi ya nzige mwekundu, ndani ya hifadhi yenye viboko na tembo. Somalia nao 2020 waliegemea zaidi dawa za kibayolojia. Ubaya wake ni kwamba kuvu hana haraka, anataka umpate mdudu akiwa tunutu, bado anatembea. Kundi likisharuka kilomita 150 kwa siku huna siku saba za kumsubiri augue. Kwa hiyo unaona inaturudisha pale pale, ukichelewa umejifungia kwenye sumu.

Kwenye kula nako watu wameniuliza sana, "nyie Wahaya si mngewamaliza". Ingekuwa rahisi hivyo! Kenya 2021 kuna kampuni, The Bug Picture, ilijaribu kitu kama hicho Laikipia na Samburu na Isiolo, wanakijiji wanakusanya nzige usiku wakiwa wamepoa mitini, wanalipwa shilingi 50 za Kenya kwa kilo, wanasagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Safi sana, hela inabaki kijijini. Ila nzige aliyepuliziwa jana huwezi kumjua kwa macho, na biashara yoyote inataka mzigo wa uhakika, huyu leo yuko Isiolo kesho yuko Turkana. Senene angalau anajulikana, Novemba anashuka, mabati yanasimamishwa, taa zinawashwa, pipa linajaa.

Rafiki yangu wa Longido nimeongea naye juzi, anasema malisho yalirudi, ng'ombe wachache walikufa, maisha yanaendelea, na hakuna aliyerudi kuwauliza chochote tangu ndege ya kupuliza dawa iliposimama. Mi nikamuuliza kama anakumbuka mwaka ule kabla ya nzige kuja aliona panzi wengi kuliko kawaida. Akasema hapana, wale walitoka mbali. Kweli. Ila kule Wembere kiangazi kikikolea na watu wakianza kuchoma majani, nzige wekundu waliosalia watajibanza kwenye vile vipande ambavyo moto haukufika, watagusana miguu, na kijana aliyetakiwa kwenda kuwahesabu atakuwa anasubiri dizeli.